Nilivyoinua valvu za lori la kijiji kwa azimio la mkutano mkuu

Wakuu, heshima kwenu. Vijana, marahaba, nimeitikia kabla hamjanisalimia.

Nimeona humu watu wanaulizana habari za kuongeza nguvu ya injini kwa kuinua valvu zaidi. Mimi niliwahi kufanya hivyo enzi za Ujamaa, kijiji kimoja juu huko njia ya Kinole. Sitaongeza chumvi, jambo lenyewe linayo ya kutosha.

Kijiji kilikuwa na lori moja. Kushuka Morogoro mjini na machungwa, halina mpinzani. Kupanda na mizigo ya duka la kijiji, watu wote chini, sukuma!

Siku moja akaja ofisa kutoka mjini, akatangaza: "Jumatatu narudi. Lisipopanda na mzigo bila kusukumwa, linakwenda Dumila. Wenzenu kule barabara ni tambarare."

Lori likiondoka, machungwa yanaozea shambani au tunayabeba kichwani. Na fundi pale nilikuwa mimi peke yangu.

Valvu ni milango ya injini, hewa inaingia, moshi unatoka. Ikifunguka zaidi, injini inapumua. Ila lazima silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ichongwe, springi zipate nafasi ya kujikunja. Hesabu yangu ilisema niongeze milimita mbili tu. Ukizidisha, valvu inashuka inakutana na pistoni ikipanda, na hao wawili hawana salamu nzuri.

Sasa wakuu, mali ya kijiji ilikuwa haiguswi bila mkutano. Nikaeleza, watu wakanisikiliza kwa adabu kabisa.

Akasimama Bi Mwanaidi, mama mwenye shamba kubwa la michungwa. "Ndugu fundi, mbili zinatosha kupanda?"

"Zinatosha, mama."

"Basi nne zitapanda na akiba."

Makofi! Nikajaribu kueleza habari za pistoni. Mwenyekiti, Mzee Mkude, akanitazama juu ya miwani. "Ndugu fundi, wewe ni mtaalamu au mpinzani?"

Nikasema mtaalamu. Mikono ikanyooshwa, nne zikapita. Na wangu niliunyoosha, jamani, mbona mnanitazama hivyo?

Hedi nikaipeleka mjini kwa rafiki mwenye mashine, tukaichonga. Kemshafti, chuma kinachozisukuma valvu, nikaichomelea na kuisaga mpaka ikafika nne za wananchi.

Kabla ya kufunga nikabandika udongo wa mfinyanzi juu ya pistoni, nikazungusha injini kwa mkono ili nione nafasi iliyobaki. Udongo ulitoka mwembamba kama ganda la kitunguu. Nilijua kabisa haitoshi. Nikafunga hedi, nikanyamaza, maana azimio lilikuwa limepita.

Jumatatu ofisa akaja na dereva wake, endapo italazimu kuliondoa. Tukapakia. Mzee Mkude akapanda mbele, mimi nikashika usukani.

Wakuu, lile gari liliruka! Kona ya kwanza, ya pili, watoto wanashangilia, kina mama vigelegele. Mzee Mkude akaniambia, "Unaona? Kanyaga!"

Nikakanyaga. Injini ilipokwenda mbio, springi zikashindwa kuzirudisha valvu kwa wakati. Ukasikika mlio wa sufuria zikianguka jikoni, kisha kimya. Tulisimama katikati ya mlima.

Ofisa akafunua boneti, akanisubiri nifungue hedi, kisha akachungulia. Valvu zimepinda, pistoni imetoboka. Akaikunja karatasi aliyokuja nayo ya kulihamisha lori, akaitia mfukoni. "Dumila wameomba gari," akasema, "hawakuomba chuma."

Akaondoka zake. Jioni mkutano ukaitishwa, Mzee Mkude akasimama kifua mbele: "Ndugu wananchi, lori letu limebaki kijijini!" Makofi tena. Mimi nilikaa nyuma kabisa, nimeona haya mpaka machozi yananilenga.

Kesho yake alfajiri tulishuka mjini kwa miguu, kila mtu na tenga lake la machungwa kichwani. Bi Mwanaidi alikuwa mbele yangu. Tulipopita lori akasimama, akalitazama, akanigeukia kwa huruma ya kweli:

"Fundi, usijilaumu. Pengine tungeinua sita."

Nilichojifunza: hesabu haipigiwi kura. Na aliyeivunja injini ile si mkutano, ni mimi niliyeona ule udongo nikanyamaza.

Haya, mafundi wenzangu, na ninyi tubuni hapa chini. Nani mwingine alijua akafunga hivyohivyo?