Jaza Mara Chache

Kwetu mtaani Kariobangi tunajua kuhojiwa. Tangu nikiwa mdogo, watu wenye vitambulisho shingoni walikuwa wakipanda ngazi za ploti yetu, jengo la vyumba vya kupanga, kuuliza tunakula mara ngapi, tunalala wangapi chumba kimoja, choo kiko wapi. Tulijifunza mapema kwamba anayejibu vizuri ndiye anayekosa. Jirani yetu mmoja aliwahi kusema ukweli, kwamba watoto wake hula mara mbili kwa siku, na blanketi zilipoletwa jina lake halikuwemo. Mama akatuonya: ukiulizwa, sema hali ni mbaya. Haukuwa uongo hasa. Hali ilikuwa mbaya kweli, sisi tuliizidisha kidogo tu ili isikike.

Ningepaswa kulikumbuka hilo nilipopata kazi katika mradi wa simu. Ulikuwa mradi wa kuwasaidia vijana wenye mawazo mazito. Kijana anajiunga kwa simu yake, kisha anajibu maswali machache: je, unakosa usingizi, unajiona huna maana, umetamani usiwepo? Kila swali lina majibu manne, kuanzia "hapana kabisa", kisha "mara chache", "siku nyingi", hadi "kila siku". Akimaliza, simu inamwonyesha rangi. Kijani, uko salama. Nyekundu, mshauri atakupigia siku hiyohiyo. Kazi yangu ilikuwa kuwakusanya vijana katika ukumbi wa kanisa kila Jumamosi asubuhi na kuwashawishi wajiunge. Maneno nilikuwa nayo, hilo sikunyimwa. Niliwaambia mficha uchi hazai, wakacheka, wakatoa simu.

Jumamosi ya kwanza karibu ukumbi mzima ulitoka nyekundu. Washauri walipiga simu mpaka sauti zikawakauka, na upande wa pili wakakutana na vijana wazima wakiuliza vitu vitaletwa lini. Mmoja wao, fundi wa kuchomelea mageti, aliniambia bila haya: "Madam, mimi nilibonyeza 'kila siku' kwa maswali yote. Si hivyo ndio wanaandika jina?" Sikuweza kumlaumu, maana ndivyo nilivyolelewa na mimi. Msimamizi wangu naye hakuelewa chochote cha namna hiyo. Alinikalisha ofisini kwake akaniuliza kama nimewafundisha vijana kudanganya. Nilitoka pale masikio yakiniwaka kwa hasira.

Jumamosi iliyofuata hasira ile nikaibeba mpaka ukumbini. Nilisimama mbele yao nikasema hapa hakuna unga, hakuna blanketi, hakuna orodha, kwa hiyo waache maigizo. Kisha nikaongeza jambo ambalo hakuna aliyenituma kulisema: "Kama unaamka, unaoga, unaenda kazi, wewe uko sawa. Jaza 'mara chache'." Ukumbi ukaangua kicheko. Nilikipenda kicheko kile, sitaficha. Siku hiyo rangi zilitoka kijani kama sukuma wiki sokoni, na msimamizi akanitumia ujumbe wa pongezi.

Mdogo wangu alikuwa ameketi karibu na mlango. Nilimleta mwenyewe, ili kuongeza idadi. Ana miaka ishirini na mmoja, anasuka nywele katika saluni moja karibu na soko, na tunaishi pamoja kwa Mama. Tulipokuwa tukirudi nyumbani alininyooshea simu yake nione. Kijani. Nikamwambia, unaona, huna shida wewe, ni uvivu tu. Maana siku zile alikuwa ameanza kuacha chakula sahanini na kukaa kimya hadi umuulize jambo mara tatu. Mama alikuwa akinung'unika kwamba msichana ana mawazo. Mimi, mtaalamu wa nyumba, nikamtuliza kwa kumwambia tumeshampima. Neno hilo, tumeshampima, linanichoma hadi leo.

Miezi miwili baadaye, yapata saa nne asubuhi, mwenye saluni alinipigia akaniambia niache kila kitu niende hospitalini. Sitasimulia alichofanya mdogo wangu. Hilo ni lake, na mtaa umeshalisema vya kutosha. Nitasema tu kwamba aliwahiwa. Nilimkuta Mama kwenye benchi la nje, ameshika kandambili za binti yake mapajani, akiomba kwa lugha ya kwao. Ndani, mdogo wangu alikuwa amelala akitazama ukuta.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Nilimuuliza kwa ukali, Mungu anisamehe, kwa sababu niliogopa, na mimi nikiogopa huwa mkali. Alisema, bila kunigeukia:

"Ulisema mwenye anaoga ako sawa. Mimi nilikuwa naoga. Nikadhani najifanya tu, kama wale wengine."

Hakuwa akinilaumu. Alikuwa akinieleza tu, taratibu, kama unavyomweleza mteja kwa nini nywele zake haziwezi kushika mtindo anaoutaka. Angenitukana ningejua pa kushika. Wale waigizaji wangu wote walisikia mzaha, wakacheka wakaenda zao. Katika ukumbi ule mtu mmoja tu ndiye aliyenitii kwa moyo wake wote, naye ndiye aliyekuwa mgonjwa.

Nilimweleza msimamizi yote. Alisikitika, akaandika kitu, akasema tutarekebisha mafunzo. Kazi sikuiacha. Wengine wangeiacha, najua, lakini niliona aibu ya kukimbia ni kubwa kuliko ya kubaki. Sasa nikisimama ukumbini nawaambia wajaze walivyo, na wakitoka nyekundu wote, basi washauri wapige simu mpaka jioni. Mzaha sifanyi tena. Wanaoniona siku hizi husema nimekuwa baridi.

Mdogo wangu alijiunga upya, safari hii bila mimi. Mshauri humpigia kila Jumanne na Ijumaa mchana. Ni mwanamke ambaye hatujawahi kumwona. Simu ikilia, mdogo wangu hupanda juu kabisa ya ploti, kwenye kamba za nguo, akakaa huko hata saa nzima.

Ijumaa iliyopita mawingu yalitanda, nikapanda kuanua nguo. Nikamkuta amenipa mgongo nyuma ya shuka lililoanikwa, analia huku anaongea. Alikuwa anamwaga maneno mengi, marefu, kuhusu nyumba yetu, kuhusu miaka ambayo nilikuwa nikilala naye kitanda kimoja nisijue chochote. Aliponiona akakatiza. Akaibana simu kifuani, akafuta uso kwa kiganja. Nikamuuliza kama yuko sawa.

"Niko sawa," akasema, kisha akasubiri nishuke.

Nilishuka. Nguo niliziacha zinyeshewe.