Kuku wa Wifi

Domitila Choque aliuza kuku katika soko la mji wa Quillacollo, Bolivia, kwa miaka kumi na tisa bila kumwonea mtu kijicho, mpaka kaka yake alipomwoa Casimira. Wifi huyo naye akaanza kufuga, akapata meza jirani na yake. Kuku wake wa wiki sita walikuwa wamenona, vifua vimetuna. Wa Domitila, wiki ya nane, bado mifupa mitupu.

"Wifi, hao unawafuga au unawafungisha saumu?" Casimira alimtania mbele ya wateja.

Domitila alicheka pamoja nao, moyo ukiungua. Siku mtoto wa kaka yake alipobatizwa, wengine wakinywa supu ya karanga, yeye alinyemelea banda la wifi yake. Akakuta pakiti ya unga wa njano: dawa ya kuua bakteria, inatiwa katika maji ya kuku wazima wasioumwa chochote.

"Kumbe!"

Akanunua ileile. Mwenzake alipotia kijiko kimoja, yeye alitia vitatu. Kuku wakafura, wateja wakahamia kwake, na kwa miezi minne Domitila alilala usingizi mtamu.

Kisha akaanza kuhara damu. Alizoea kunyonyoa kuku na kumega mkate kwa mkono uleule, bila kunawa. Vidonge vya zahanati havikufua dafu. Sindano za hospitali nazo zikagonga mwamba. Siku ya nane Daktari Ninoska alikuja na majibu ya maabara.

"Mama, bakteria waliokuingia ni sugu. Dawa hizi wameshazizoea. Unafuga?"

"Kuku."

"Unawapa nini?"

Domitila aligeukia ukutani. "Kamuulize wifi yangu. Yeye ndiye aliyeanza."

Dawa ya mwisho waliyokuwa nayo ndiyo iliyomponya, mwili umebaki nusu. Wakaguzi wa afya wakapima nyama za meza zote mbili. Bakteria sugu walikuwako kote kuwili, lakini kwa Domitila walizidi.

Casimira, ambaye kila asubuhi alikwenda hospitali kumwogesha wifi yake, alilia hadharani sokoni. Akaacha ile dawa siku hiyohiyo, akapaka banda chokaa, akatundika kibao: KUKU WANGU HAWANYWI DAWA BILA UGONJWA. Watu wakapanga foleni kwake.

Domitila naye aliacha, wiki mbili baadaye.

"Vizuri, mama," mteja mmoja akamsifu. "Umemwiga wifi yako."

Alishusha kisu juu ya shingo ya kuku kwa nguvu isiyohitajika. Jioni alimwendea kaka yake.

"Hata kutubu, kaka? Hata kutubu lazima mkeo anitangulie?"