Kulia kwa Mashoto

Marehemu kaka yangu alikuwa fundi wa mageti ya vyuma, na watu walimwita Mashoto. Kwenye kitambulisho alikuwa na jina zuri la nabii, lakini hata mchungaji alilisahau. Ungeuliza mtaani kwa jina la nabii ungerudi na njaa.

Jina la Mashoto lilitoka mezani kwetu. Tulipokuwa wadogo Mama alitufundisha kwamba mkono wa kulia ni ule wa kulia chakula. Sisi wengine tukaelewa. Yeye alikuwa akila kwa kushoto, na kwa kuwa alikuwa mtoto mtiifu, aliamini kwamba huo ndio wa kulia, maana ndio aliokuwa akilia chakula. Mama alihangaika kumhamisha mkono, akashindwa, akamwachia Mungu. Ukubwani, akiwa ametulia, alijua kulia na kushoto kama mtu yeyote. Akishikwa na haraka, kulia kwake kulikuwa upande mwingine wa dunia. Kumwelekeza njia ilibidi useme, "Kata upande wa dereva."

Alikuwa na pikapu ya milango minne, nyuma imejaa mikwaruzo ya vyuma. Kila Jumapili aliiosha, akatandika shuka safi kwenye kiti cha abiria wa nyuma, na Mama akaketi hapo katikati, miguu ameinyoosha kati ya viti vya mbele, kama bibi harusi.

Mama ameimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa tangu mimi sijazaliwa. Nyimbo mpya alijifunzia humo garini, kwa rekodi ya mazoezi. Mwaka jana akaanza kukosea. Yeye huishika sauti yake kwa kusikiliza besi, wale wanaume wa sauti nzito, na besi, alisema, hawasikiki tena.

"Wanaume wa siku hizi hawali?" aliuliza.

Baadaye akaacha mzaha. "Si wao, wanangu. Ni masikio yangu. Nitaimba Jumapili mbili, ya tatu narudisha joho."

Joho lile alilipiga pasi kila Jumamosi, na siku alizougua tulimletea kitandani alitazame. Mashoto ndiye aliyekataa.

"Masikio yako mazima, Mama. Juzi nimenong'ona jikoni kwamba mboga haina chumvi, ukanijibu ukiwa uani. Kiziwi ni hizi spika za nyuma."

Jioni ile alifungua kava ya mlango akanionyesha. Spika iliyokuja na gari ilikuwa ya karatasi nyembamba, sasa imechanika, sumaku yake ndogo kama kifuniko cha soda.

"Mtu katengeneza gari la kubeba tani nzima," alisema, "akalipa koo la kifaranga."

Alitafuta spika mbili zilizotumika, nzito, sumaku zake upana wa kisahani. Akakata pete za mbao za kuzishikilia, akaziba matundu ya milango kwa vipande vya mpira ili sauti isivuje. Kila jioni akimaliza mageti alikuwa humo mlangoni, bisibisi mdomoni. Jumamosi mvua ikaanza kutishia milango ikiwa bado wazi, tukagawana, yeye mmoja na mimi mmoja. Kila spika ilikuwa na ncha mbili za kuchomekea waya, na alama zake zilikuwa zimefutika.

"Waya wenye mstari unakaa wapi?" nilipiga kelele.

"Kulia!"

"Kulia kwako au kulia kwa watu?"

"We mtoto, kulia ni kulia! Mvua hiyo!"

Nikaweka kulia kwa watu.

Kesho yake rekodi ikawashwa. Sauti ilikuwa kubwa, safi. Mashoto alimtazama Mama kwenye kioo. "Eeh, Mama?"

"Wanawake nawasikia mpaka wanavyovuta pumzi," alisema. "Ila besi ndio hawapo kabisa." Akageukia dirisha. "Umehangaika sana, baba. Mungu akubariki. Sasa tumejua ni masikio."

Mashoto akazima rekodi, akaendesha mpaka kanisani.

Jumapili ya tatu ikafika. Joho lilikuwa kwenye mfuko, limekunjwa. Njiani tulipita kuchukua kinanda cha kwaya kilichokuwa kwa fundi, na kwa kuogopa mvua tukakisimamisha katikati ya kiti cha nyuma. Mimi nikabanwa mlango huu, Mama mlango ule, bega lake limegusa kava. Mashoto akawasha rekodi kwa mazoea tu.

"Simamisha gari," Mama alisema.

Tulidhani anaumwa.

"Besi wamerudi. Wako hapa mlangoni."

Mashoto alishuka, akaja kutega sikio mlango wa Mama, kisha wangu, kisha akaingiza kichwa katikati, juu ya kinanda. Akaanza kucheka.

"Mdogo wangu, mstari uliweka wapi?"

"Kulia, kama ulivyosema."

"Na mimi niliweka kulia."

"Kulia gani, kaka?"

Aliinua mkono wake wa kushoto, akautazama kama mtu aliyesalitiwa na ndugu. Kisha akatueleza: waya zimepishana, spika moja inasukuma na nyingine inavuta, kama watu wawili wanaogombea shuka. Sauti nzito zinauana, na aliyelala katikati ndiye anayekosa. Mama alikuwa katikati.

Alifungua kava palepale kando ya barabara, kwa suruali yake ya kanisani, akageuza waya. Kinanda nikapakata mimi, Mama akarudi mahali pake. Ubeti wa kwanza alisikiliza tu, macho amefumba. Wa pili akaingia na sauti yake, hakukosea hata neno. Alipomaliza alimpiga Mashoto kofi dogo la kisogo.

"Yote haya ni kwa sababu hukutaka kula kama wenzako!"

Tulichelewa ibada. Aliingia amevaa joho, lina mikunjo kila mahali.

Miezi mitano baadaye Bwana alimchukua kaka yangu, kwa homa ya siku nne. Siku ya maziko kwaya iliposimama, Mama akainuka kutoka kwa wafiwa. Mama mdogo akamshika mkono.

"Dada, leo wewe ni mfiwa. Keti."

"Ni yeye aliyenibakiza kwenye kwaya," Mama alisema. "Niache."

Akaenda kusimama mbele ya besi. Ubeti wa kwanza aliumaliza. Wa pili sauti ikamkatika. Besi waliendelea, taratibu kuliko walivyofundishwa, mpaka sauti yake ikarudi.