Programu Iliyomtaja Sipriani

Wateja wa Hironimus walikuwa wanakaa kichwani mwa mkewe. Ndivyo majirani wa mtaa wa Bombambili walivyosema, na hawakukosea. Hironimus alipiga video za harusi, kipaimara, misa za shukrani, na misiba pia. Mkewe Lidwina, aliyeishia darasa la saba kule Lusewa, ndiye aliyepokea simu na kupanga tarehe. Alijua nani anataka wimbo gani wa kwaya mwanzoni, na shangazi yupi hapaswi kuonekana amekaa karibu na nani.

Alipozaliwa binti yao Anjelika, kichwa kile kikaanza kuvuja. Mtoto akisumbua usiku, asubuhi jina limetoroka. Ikatokea Jumamosi harusi mbili zinamngoja Hironimus, moja mjini, nyingine Peramiho, na bibi harusi wa Peramiho akaingia kanisani bila kamera. Mji wenyewe ni huu huu, maneno hayachelewi kufika sokoni.

"Tafuteni programu ya kutunza wateja," akasema Rupert, mdogo wake Hironimus, fundi wa kompyuta. Akawawekea mbili kwenye laptopu yao, wazijaribu mwezi mmoja kisha wachague. Ya kwanza ilitunza tu: jina, namba, tarehe, basi. Ya pili ilitunza na kuongea. Iliwaandikia wateja yenyewe, ikawakumbusha na kuwasalimia, kwa maneno matamu aliyoyatunga Rupert. Nyumbani wakaziita Bubu na Msemaji.

"Mimi nataka Msemaji," alisema Hironimus. "Anafanya kazi hata mama Anje akiwa amelala."

"Mama Anje analala lini?" Lidwina akauliza, naye akacheka.

Aliingiza wateja mwenyewe, kidole kimoja kimoja, mtoto akinyonya. Programu iliuliza jina la mteja. Sasa, katika ofisi ile kazi haijawahi kuitwa kwa jina la aliyeileta. Huitwa kwa jina la mwenye siku. Mtu akija hasemi yeye ni nani, anasema, "Nimefuata video ya Leticia," nawe unajua ni harusi ya Leticia. Au, "Nimefuata ya babu Yohanes," nawe unampa pole. Kwa hiyo Lidwina akaandika alivyozoea. Palipotakiwa siku ya mteja, akaweka siku ya harusi au ya msiba. Palipotakiwa namba, akaweka ile waliyoiacha ndugu, ambayo kwenye misiba mara nyingi huwa ya marehemu mwenyewe, maana laini yake hubaki inatumika pale nyumbani.

Wala hakuona kosa. Ndivyo kazi ilivyokuwa.

Asubuhi moja ya Juni, ukungu umekaa mpaka dirishani, Lidwina alikuwa anampaka mtoto mafuta karibu na jiko la mkaa. Laptopu ikalia mlio wake mdogo, kama tone la maji kwenye sufuria tupu. Akasogea, akasoma jina juu ya kioo.

Sipriani.

Kando ya jina palikuwa na kidoa cha kijani. Rupert alikuwa amemweleza maana yake: mteja yupo, anasoma.

Lidwina alikumbuka siku ya Sipriani. Kijana wa Mshangano, alianguka na pikipiki mteremkoni. Yeye mwenyewe, mimba ikiwa bado changa, alishika stendi ya kamera wakati watu wanapita kuaga. Akashusha macho kwenye maneno ambayo Msemaji alikuwa ameyapeleka kulipokucha.

"Habari Sipriani. Leo umetimia mwaka tangu siku yako nzuri. Hatujakusahau. Je, ungependa tuje tena?"

Na chini yake, jibu:

"Nipo. Njooni."

Alimchukua mtoto, akamfunga kifuani badala ya mgongoni. Alitaka kumwona.

"Baba Anje," akaita. "Njoo usome, usiniulize kitu."

Hironimus akasoma huku akitabasamu, kisha tabasamu likaisha. "Ni mtu wa pale kwao anatutania."

"Msiba unataniwa na mama wa marehemu? Anaishi peke yake."

Kile kidoa cha kijani kilikuwa bado kinawaka. Lidwina akatazama walio kwenye foleni ya Msemaji. Kesho alikuwa anasalimiwa Kasiana, mke wa kwanza wa Emanuel, seremala. Kasiana alifariki kwa uzazi. Emanuel ameoa tena, na simu ile sasa anaishika mke mpya, naye ni mjamzito. Lidwina akamwona yule dada akifungua ujumbe: Habari Kasiana, ungependa tuje tena?

"Mzime," akasema. "Mzime wote."

"Nikimzima hata wa harusi hawapati ujumbe. Ngoja tumwulize Rupert."

"Basi mwulize. Mimi naenda Mshangano kumwangukia yule mama. Tukisubiri, jioni watu watasema tunapiga video za mizimu."

Akapanda bodaboda, mtoto kifuani. Pale mteremkoni dereva alipunguza mwendo bila kuambiwa.

Mama Walburga, mama yake Sipriani, alikuwa amefagia uwanja mpaka mistari ya ufagio inaonekana. Mahindi yaliyovunwa yalikuwa yamerundikwa pembeni. Mbele ya mlango, mahali pale pale lilipowekwa jeneza mwaka jana, palikuwa na kigoda kimoja, hakikukaliwa na mtu. Lidwina alipajua mahali hapo vizuri, alipapima yeye kwa macho ili kamera ipate mwanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mmechelewa kidogo, lakini si neno. Kamera iko wapi?"

Lidwina akapiga magoti kwenye udongo wa baridi. "Mama, sikuja na kamera. Nimekuja kuomba radhi. Ule ujumbe hakuandika mtu. Ni programu ya kompyuta, inaandika yenyewe, na mimi ndiye niliyeiwekea jina vibaya."

Mama Walburga alimtazama kwa utulivu. "Inuka, una mtoto. Unadhani sijui kwamba ni mashine? Mtu gani angeandika 'siku yako nzuri'?"

"Sasa yule aliyejibu?"

"Nilimjibia. Ameulizwa, mwenyewe hawezi kubonyeza, ulitaka nikae kimya?" Akaketi kwenye jamvi, si kwenye kigoda. "Sikia, mwanangu. Mwaka mzima watu wanapita hapo njiani. Shikamoo mama, mahindi vipi mama. Hakuna anayemtaja. Wanaogopa nitalia. Mpaka mimi nikaanza kujiuliza kama kweli nilizaa. Leo asubuhi simu yake ikalia, nikaona jina lake limeandikwa. Sipriani. Na anaulizwa anataka nini."

Anjelika alikuwa ametulia kuliko kawaida yake. Lidwina alipoinamisha uso alimkuta mtoto anakitazama kigoda, kisha akanyoosha mikono miwili, kama afanyavyo pale mtu anapotaka kumpakata.

Mama Walburga naye aliona. Alikisogeza kigoda kidogo, kuelekea kwenye jua lililokuwa linaanza kupasua ukungu.

"Msiizime," akasema. "Nakuomba hilo tu."

Lidwina akafikiria simu ya Kasiana, mkononi mwa mwanamke mjamzito. "Mama, lazima tuizime. Kuna nyumba nyingine ujumbe huu utaua mtu."

"Haya." Lile haya lilitoka kama pumzi ya mwisho ya moto.

"Lakini sitamsahau. Siku yake nitakupigia mwenyewe, kwa mdomo wangu."

"Usinipigie mimi," akasema Mama Walburga. "Mimi sina siku."

Mchana ule wakachagua Bubu. Rupert alilalamika kwamba wanatupa programu nzuri kwa sababu ya bibi mmoja. Hironimus, ambaye mwanzoni ndiye aliyemtaka Msemaji, akamwambia, "Shemeji yako ndiye anayeongea na wateja hapa. Tukubali." Kasiana hakusalimiwa. Lidwina akahamisha majina yote upya, safari hii kwa majina ya walioleta kazi. Alipofika kwa Mama Walburga, kidole kikasimama. Akaandika Sipriani.

Juni ikarudi na ukungu wake. Anjelika sasa alikuwa anatembea. Lidwina akaketi karibu na jiko, akapiga namba ile.

"Shikamoo mama. Leo ni siku ya Sipriani."

Kisha sauti ya Mama Walburga, nyepesi, kama ya mtu aliyekuwa amekaa tayari.

"Subiri nimpe."

Lidwina alisikia simu inawekwa juu ya kigoda, tok. Alisikia nyayo za mama zikiondoka, taratibu, zikifika mbali. Halafu jogoo. Halafu upepo kwenye maganda ya mahindi. Angeweza kukata. Anjelika alikuja akamwegemea gotini, akatulia, akiitazama ile simu.

Lidwina akaisogeza simu mdomoni.

"Habari Sipriani," akasema, akangoja.