Meya Csordás Atafuta Mkalimani

Borbála Hengl alikuwa na kinyongo cha miaka tisa, na alikitunza vizuri kuliko alivyowatunza nguruwe wake. Zamani alifundisha Kijerumani kijijini kwao, kusini mwa Hungaria, mpaka siku mwalimu mkuu, Csordás, alipomwambia mbele ya darasa zima: "Hicho si Kijerumani. Hiyo ni lugha ya zizini." Ndicho Kijerumani alichonyonya kwa mama yake, kile cha nusu ya kijiji kabla wasemaji wake hawajapakiwa kwenye treni baada ya Vita vya Pili vya Dunia na kutupwa Ujerumani. Akafukuzwa kazi. Tangu hapo alipiga deki kwenye mabafu ya maji moto, na kila alipokamua tambara alilikamua kama shingo ya Csordás.

Sasa Csordás alikuwa meya. Wageni walikuwa wamefika kutoka Ujerumani kutia saini mkataba wa udugu kati ya mji wao na kijiji. Wangeezeka upya shule na kuleta gari la zimamoto. Meya alikuwa amemwita mkalimani kutoka Budapest, kijana nadhifu mwenye vyeti vitatu. Lakini wageni walikuwa ni walewale waliopakiwa kwenye treni, sasa wazee. Walipofungua midomo na kusema Kijerumani kilekile cha zamani cha kijijini, kijana alitoa macho. Hakuambulia kitu.

Meya alikimbilia mabafuni, akamkuta Borbála na ndoo yake mkononi.

"Bori, dada yangu, tuokoe! Supu inapoa ukumbini, watu wanatazamana tu."

"Dada yako tangu lini? Huyo wa vyeti kafanya nini?"

"Haelewi wanachosema. Nakuomba, Bori."

"Utaniomba radhi kwanza. Palepale ukumbini, watu wote wasikie."

"Mbele ya wageni?"

"Kwani wanakumbuka Kihungari?"

Meya akapumua. Hawakukumbuka hata salamu.

Ukumbini alisimama, jasho likimtiririka, akasema kwa Kihungari, harakaharaka ili yaishe: "Namwomba Borbála radhi. Niliita Kijerumani chake lugha ya zizini, nikamfukuza kazi. Nilikosea." Wanakijiji wakaguna. Yeye akakaa, akavuta bakuli lake la supu.

Borbála hakukaa. Aliwageukia wageni akawatafsiria yote, bila kupunguza wala kuongeza, kwa Kijerumani kilekile cha mama yake. Alikwenda taratibu, maana utamu haumezwi kwa pupa. Kwani si ndiyo kazi aliyoitiwa?

Bibi Kathi Auber, kiongozi wa wageni, alikuwa ameshashika kalamu juu ya mkataba. Akaiweka chini. Uso ukamwiva, akaanza kusema, akasema kwa muda mrefu, kidole kikimwelekea meya.

"Anasemaje?" meya akanong'ona. "Bori! Anasemaje?"

"Tulia, Mheshimiwa," Borbála akasema, akijivutia kiti. "Hajamaliza."