Hatua Kumi na Tano za Kuhe

Mpaka leo, mwanangu, nakumbuka mchana mmoja hapa Rumonge ambao sijaweza kuuzoea, ingawa nywele zangu zimeshakuwa nyeupe. Nakuandikia kwa sababu umenionyesha kwenye simu tangi lako la kioo na kuhe wawili, wale samaki wakali wa ziwa letu, uliowanasa ufukweni, wadogo kama vidole. Ulikuwa na furaha. Mimi niligeuza uso, ukadhani sijaona vizuri.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza sekondari. Mama Mwajuma, mwenye mgahawa karibu na ziwa, alitaka tangi la samaki hai ukumbini ili wageni wapende kukaa, akaniachia mimi niliyesoma nichague ukubwa. Nikazidisha urefu kwa upana kwa kimo, nikapata lita nyingi, nikaridhika. Lilikuwa tangi la urefu wa mita moja na nusu, la kuenea kati ya mlango na kaunta.

Mzee Ramadhani, mvuvi wa Gatete, ndiye aliyetuletea kuhe wawili wa urefu wa kiganja. Alilitazama tangi, akanishika mkono tukatoka mpaka ufukweni. Akaanza kutembea mchangani akihesabu hatua. Alisimama kwenye ya kumi na tano.

"Kuhe mukubwa akikasirika, anafukuza mwenzake mpaka hapa," akasema. "Mule kwenye kioo chako, mwenye kufukuzwa atakimbilia wapi?"

"Lakini mzee, hawa ni bwana na bibi. Ziwani si wanalinda mayai pamoja?"

"Ziwani, ndiyo. Ziwani iko nafasi ya kununa."

Nilicheka. Ili tu aniachie samaki, nikamwahidi kwamba siku nitakayoona pezi limechanika nitawarudisha majini.

Walikua upesi kuliko nilivyodhani. Mwaka ulipopita walikuwa hawageuki bila kujikunja. Nikaona pezi la jike limechanika. Nikaona pia wageni wakisogeza viti ili watazame dume anavyomkimbiza. Mmoja wao akaita jikoni, "Yule wa mbele amechoka, muniletee na ndizi." Ukumbi mzima ukacheka, na mimi nikacheka. Nikasema nitawatoa kesho. Nilisema kesho siku nne.

Siku ya tano, saa saba mchana, watu wakiwa wanakula, jike alikuwa amebanwa kwenye kona akihema, mdomo juu. Dume alimpiga ubavuni, akarudi nyuma, akampiga tena. Magamba yakawa yanashuka polepole ndani ya maji. Jicho moja halikuwepo. Nilikimbilia ndoo, na niliporudi alikuwa ameshakufa. Lakini dume hakuacha. Aliendelea kumgonga, na ule mzoga ukawa unasukumwa kona hadi kona, kwa sababu hata alipokufa hakuwa na pa kwenda.

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja alimfunika mtoto wake macho kwa kitenge. Mimi nilisimama na ndoo mkononi. Mama Mwajuma akaniuliza taratibu, "Ulikuwa unajua?"

Nikajibu kwamba nilijua.

Mzee Ramadhani alikuja kumchukua dume ili amrudishe ziwani. Hakunigombeza. Alitembea tu kando ya tangi, kutoka kioo hadi kioo. Hatua mbili. Akanitazama, akabeba ndoo, akaenda.

Basi nakuambia wazi, mwanangu. Pima tangi kwa ukubwa atakaoufikia samaki, si kwa ukubwa wa siku unayomleta. Lita zisikudanganye kama zilivyonidanganya mimi. Tazama kwanza urefu na upana wa chini, maana samaki hawafukuzani kwenda juu. Na kama ni samaki mkali, jiulize yule mnyonge atakimbilia wapi, na akifika huko atapata mwamba wa kujificha au atagonga kioo. Kwa kuhe, sijaona nyumba hapa kwetu yenye nafasi hiyo. Hao wako bado ni wadogo na ziwa liko karibu. Wapeleke leo. Neno kesho nilishalisema mimi, na nimekueleza lilivyoishia.

Mungu akupe macho ya kuona mapema na mikono isiyochelewa. Na nyumba yako iwatoshe wote watakaoishi ndani yake, wapate hata nafasi ya kununa. Amina.