Mtani wa Ami Shee

Makuti yakiungua hunukia mafuta ya nazi kidogo, kisha huja moshi mkali wa kukwaruza koo. Juzi jirani yangu alichoma banda lake bovu, nami nikajiona Likoni tena, uhuru ukiwa mlangoni, nyumba ya Bwana Mwarasi ikiteketea mchana kweupe na watu wakishangilia.

Ami Shee, ndugu yake baba, aligombea kiti mara tatu. Mara ya kwanza alishindwa, akarudi kwa nyanya na pengo la meno. Mara ya pili alishindwa vibaya zaidi, akarudishwa amebebwa, na tangu hapo akawa anachechemea. Nyanya alisema siasa ina wenyewe, na hao wenyewe hawana mbavu nzima.

Mara ya tatu mpinzani wake alikuwa Bwana Mwarasi, mtani wake. Kwetu utani si mzaha wa mitaani, mtu huurithi. Mtani wako aweza kukutukana mbele ya wakwe zako nawe ukacheka, na siku ukifa huja matangani amevaa nguo zako, akakuigiza hadi wafiwa wacheke na machozi yao.

Basi siku ya mkutano, Bwana Mwarasi alipanda juu ya meza sokoni, akachechemea kama Ami, akapaza sauti: "Shee! Sanda yako n'shaikata. Mwaka huu n'takuzika kwa mikono yangu!"

Wazee walicheka hadi kofia zikawadondoka. Ami aliwashinda wote kwa kicheko. Lakini vijana waliomlinda, wengi wao wageni waliokuja kutafuta kazi bandarini, hawakucheka. Wao hawakuujua utani wetu.

Alasiri vijana hao walimfuata Ami barazani kwetu. Mimi nilikuwa ndani, chini ya dirisha, mama akinisuka.

"Mzee, yule amesema atakuzika," mmoja alisema. "Tumfanye nini?"

Nilingoja Ami awaambie, huyo ni mtani wangu, nendeni zenu. Badala yake akasema, "Si mmeyasikia wenyewe?"

Mama aliacha kusuka. Nami nikaogopa bila kujua naogopa nini.

Kesho yake walimkuta Bwana Mwarasi uani kwake. Walimpiga marungu mbele ya wanawe hadi akanyamaa, kisha wakaitia nyumba moto. Ami akapita bila kupingwa, akaitwa Mheshimiwa.

Matanga yaliwekwa kwa kaka wa marehemu, na Ami akaja kama mila ilivyomtaka. Akaomba koti la mtani wake alivae. Mjane alikuwa chumbani, amekaa eda. Binti yake akalitoa koti mlangoni, na sauti ya mama mtu ikafuata nyuma yake: "Shee, lina damu. Livae hivyo hivyo."

Akalivaa. Akasimama katikati ya jamvi, akafungua kinywa, asitoe hata neno. Aliyecheka hakuwako.

Kwa akili yangu ya kitoto nilidhani wote wamekosea, vijana na Ami, nikawahurumia sawasawa. Nilimpenda Ami, na bado nampenda, jambo linaloniudhi hadi leo. Nilikuwa mtu mzima nilipofahamu kwamba vijana wale walikosea kwa kutojua, na Ami hakukosea hata kidogo.